Barua Pepe Isikuonyeshe Njia ya Benki

Mkulima wa majani chai wa Kiriaini na vijiji vya Mathioya anaujua mwaka kwa jinsi pesa zinavyoingia. Kila mwezi hulipwa kidogo kwa kilo alizopeleka kituoni. Ikifika Oktoba, baada ya hesabu za mwaka unaofungwa mwishoni mwa Juni, viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipa bonasi. Kiwango cha kila kiwanda, kiwe Kiru upande wa Murang'a au Chinga na Iria-ini upande wa Othaya, hutangazwa redioni na magazetini kwa shilingi na senti. Tangazo hilo husikiwa na mkulima, na mwenye duka la mbolea aliyemkopesha, na pia na mwizi aliye mbali ambaye hajawahi kukanyaga Kiriaini. Mwizi huyo hana haja ya kukujua jina. Inamtosha kujua kwamba wiki hiyo maelfu ya watu wanasubiri pesa, na kwamba ujumbe wowote utakaotaja malipo utafunguliwa upesi. Juni nayo ina lake, kwa kuwa tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, na wenye mishahara na biashara wanatarajia kusikia kutoka huko. Wanafunzi wana majira yao ya kusubiri mkopo wa HELB. Bima ya afya ya NHIF ilipoiachia nafasi SHA tarehe 1 Oktoba 2024, nchi nzima ilikuwa ikitarajia kuambiwa ijisajili mahali fulani. Kila palipo na watu wanaotarajia ujumbe wa kweli, ujumbe wa uongo hupata pa kujificha.

Kwa miaka mingi tumefundishwa kujikinga kwa kuukagua ujumbe wenyewe: tafuta kosa la tahajia, angalia nembo kama imepinda, sikiliza kama lugha ni ya kigeni. Mafunzo hayo yalikuwa na kazi yake, lakini naamini yamepitwa na wakati, na yanawadhuru watu kwa kuwapa imani kwamba wana jicho la kumtambua tapeli. Kinga inayofaa leo haimtaki mtu awe mjuzi wa kusoma barua pepe. Inamtaka awe na desturi moja tu: ujumbe ukikuomba ufanye jambo, usilifanye kupitia ujumbe huo. Ufunge. Kisha uende mwenyewe kwa taasisi inayotajwa, kwa njia uliyokuwa ukiijua kabla ujumbe haujafika. Kama benki ndiyo inayodai kwamba akaunti yako ina shida, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako au pita kwenye tawi. Kama ni KRA, andika mwenyewe anwani ya iTax kwenye kivinjari uingie uone kama kuna barua inayokusubiri. Ikiwa shida ni ya kweli, utaikuta huko huko. Ikiwa ni ya uongo, hutakuwa umempa mtu chochote.

Tuutazame ujumbe mmoja wa aina hii kwa karibu, kwa mfano wa kubuni lakini wa aina ambayo KRA imekuwa ikiwaonya walipa kodi mara kwa mara. Barua pepe inaingia, juu imeandikwa jina la mamlaka, nembo ipo, na habari ni njema: umelipa kodi zaidi ya ulivyopaswa, na utarejeshewa shilingi elfu kumi na kitu, mradi uthibitishe akaunti yako kabla ya saa sita usiku. Chini kuna kitufe. Ukikibonyeza unafika kwenye ukurasa unaofanana na iTax, na anwani yake inaanza hivi: itax.kra.go.ke. Moyo unatulia. Ila anwani haikuishia hapo. Kwenye simu yenye kioo kidogo sehemu iliyobaki imekatwa, na kama ungeivuta ungeona kwamba baada ya “ke” kuna nukta nyingine, kisha neno jingine, kisha “com”. Jina la mwenye nyumba katika anwani za intaneti halikai mwanzoni. Hukaa mwishoni, kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu yeyote akishanunua jina linaloishia kwa “com” anaweza kulitanguliza kwa maneno yoyote apendayo, hata jina la Ikulu. Majina yanayoishia kwa “go.ke” ni ya taasisi za serikali ya Kenya peke yake, lakini hilo linakusaidia tu kama jina limeishia hapo kweli. Alama ya kufuli nayo haikutetei, maana inathibitisha tu kwamba mazungumzo kati yako na ukurasa huo hayasikilizwi na mtu wa tatu. Haisemi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu, na matapeli siku hizi wanaipata bure kama wanavyoipata wengine.

Jina la mtumaji pia si ushahidi. Utaratibu wa kupeleka barua pepe unaotumika mpaka sasa uliandikwa na mtaalamu wa kompyuta Jonathan Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache ambazo watu wake walifahamiana. Hapakuwa na haja ya kumtaka mtu athibitishe yeye ni nani, kwa hiyo utaratibu ulimruhusu mtumaji aandike jina na anwani yoyote. Baadaye wahandisi waliongeza ukaguzi unaozisaidia kampuni kama Google kutambua barua inayodai kutoka mahali isikotoka, na ukaguzi huo huzuia takataka nyingi kabla hujaziona. Lakini unakagua kama barua imetoka kwenye jina inalodai. Tapeli aliyenunua jina lake mwenyewe, linalofanana na la benki kwa herufi zote isipokuwa moja, anaupita ukaguzi huo bila tatizo. Na akiingia kwenye akaunti halisi ya mwalimu mkuu au ya karani wa ushirika, barua zake zitakuwa halali kwa kila kipimo cha mitambo, kwa sababu zimetoka kweli kwenye akaunti hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba wanaonaswa ni wale wasio na elimu. Ushahidi unasema vingine. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizilaghai Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100. Hakuvunja mitambo yao. Alisajili kampuni yenye jina sawa na la muuzaji wao wa vifaa kutoka Taiwan, Quanta Computer, zikatumwa barua pepe na ankara zinazofanana na za muuzaji huyo, na wahasibu wa kampuni mbili zenye wahandisi hodari kuliko wote duniani wakalipa. Mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka mitano Desemba 2019. Katika kisa cha Benki Kuu ya Bangladesh, wafanyakazi waliletewa barua pepe za mtu anayeomba kazi, zikiwa na kiungo cha wasifu wake. Waliofungua waliwafungulia wezi mlango, na mwanzoni mwa Februari 2016 wezi hao wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti ya benki hiyo kule New York. Maagizo mengi yalizuiwa. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino.

Kisa hicho cha Bangladesh kina jambo linalostahili kutazamwa na kila anayetegemea kukamata makosa ya tahajia. Dola milioni 20 zilizokuwa zikienda Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu wezi waliandika vibaya neno la Kiingereza la taasisi, wakaandika “Fandation” badala ya “Foundation”, na benki ya Ujerumani iliyopitisha malipo ikauliza. Watu hukisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba makosa humuumbua mwizi. Mimi naona ni ushahidi wa kinyume chake. Malipo ya Ufilipino, yasiyo na kosa hilo, yalipita, na kwa jumla ndiyo yaliyokuwa makubwa. Isitoshe, hayo yalikuwa ya 2016. Leo programu za akili mnemba humwandikia yeyote Kiswahili na Kiingereza kilichonyooka, katika lugha ya adabu ya ofisi, kwa sekunde chache. Anayesubiri kosa la tahajia ndipo ashtuke atasubiri sana.

Walichokosa wahasibu wa Google na Facebook hakikuwa akili. Walikosa hatua moja: simu kwa Quanta, kwa namba ya zamani iliyokuwa kwenye faili, kuuliza kama kweli akaunti ya kulipia ni hiyo. Wakulima wa chai wanaijua kanuni hii kwa mikono yao. Majani yakipimwa kituoni, mkulima hupewa risiti yenye namba yake na kilo zake, naye huihifadhi, na mwisho wa mwezi huilinganisha na hesabu ya kiwanda. Haendi kuchunguza kama hesabu ya kiwanda imechapwa vizuri. Anailinganisha na karatasi iliyopita njia nyingine, na ambayo ilikuwa mkononi mwake kabla hesabu haijaandikwa. Barua pepe nayo ipimwe vivyo hivyo, kwa kitu kilicho nje yake.

Jambo hili linawagusa sana wale wanaoshika pesa za wengine. Shule ya bweni hununua mahindi, maharagwe na kuni kwa wauzaji wale wale miaka nenda miaka rudi, na siku hizi ankara huja kwa barua pepe. Siku moja inaingia barua yenye jina la muuzaji, ikiendeleza mazungumzo ya wiki iliyopita, ikisema kwamba kampuni imebadilisha benki na malipo ya muhula huu yaende kwenye akaunti mpya. Kila kitu kingine kiko sawa kwa sababu mwizi amekuwa akisoma barua za muuzaji huyo kwa majuma kadhaa. Ulaghai wa namna hii, wa kuingilia malipo ya kampuni na taasisi, uliripotiwa kwa FBI ya Marekani mwaka 2023 ukiwa na hasara ya dola bilioni 2.9, na hizo ni za walioripoti tu. Kwa hiyo ningependa kila bodi ya shule, kila chama cha ushirika cha kahawa na kila SACCO ya eneo hili iandike kanuni ya sentensi moja katika kumbukumbu zake: akaunti ya kumlipa mtu haibadilishwi mpaka mtu wa pili ampigie anayelipwa kwa namba iliyokuwapo tangu mwanzo. Kanuni ikiandikwa, karani hamuudhi mkubwa wake anapoifuata. Wizi mwingi wa aina hii hufaulu kwa sababu karani aliona aibu kuuliza swali kuhusu barua iliyoonekana imetoka kwa mwenyekiti.

Huku kwetu kuna udhaifu mmoja ambao vitabu vya usalama vilivyoandikwa Marekani havina habari nao. Watu wengi wa Kiriaini, Othaya na Kangema hawakufungua barua pepe zao wenyewe. Walikwenda saiba kutafuta PIN ya KRA, cheti cha kuzaliwa au huduma nyingine ya eCitizen, mhudumu akawaambia mfumo unataka barua pepe, akawafungulia moja hapo hapo, akabuni nenosiri, na mara nyingi akaliandika kwenye daftari lake ili wakirudi asihangaike. Mhudumu anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini daftari linabaki pale kaunta, kijana anabadilishwa kazi, na mwenye barua pepe hajui hata nenosiri lake ni lipi. Barua pepe hiyo ndiyo mzizi wa mengine yote, kwa kuwa ukisahau nenosiri la benki, la eCitizen au la Facebook, kiungo cha kuweka jipya hutumwa huko. Anayeishika barua pepe yako anaweza kukunyang'anya vingine kimoja kimoja bila kukuuliza swali hata moja. Aliyefunguliwa barua pepe saiba anapaswa kuketi na mtu anayemwamini wa nyumbani, abadilishe nenosiri, na aweke namba yake mwenyewe ya simu kuwa ya kurejesha akaunti. Hii ni kazi ya dakika kumi, na sioni kinga nyingine inayolipa kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Baada ya hapo iwekwe hatua ya pili ya kuingilia, ile inayodai uthibitisho kwenye simu hata kama nenosiri limejulikana. Mwaka 2019 Google, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York na Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa takwimu za kazi yake. Namba ya siri inayotumwa kwa SMS ilizuia asilimia 96 ya mashambulizi ya ulaghai yanayotumwa kwa wingi, na asilimia 76 ya yale yanayomlenga mtu mahsusi. Kubonyeza “Ndiyo” kwenye simu yenyewe kulifika asilimia 99 na 90. Ufunguo mdogo unaochomekwa kwenye kompyuta ulizuia yote, kwa sababu ufunguo huo hukataa kufanya kazi kwenye anwani isiyo yake, hata pale mwenyewe anapokuwa ameshadanganyika. Tofauti kati ya 96 na 76 ina maana yake. SMS hushindwa pale tapeli anapokupigia simu akijifanya wa benki na kukuomba umsomee namba uliyotumiwa, au anapoitwaa laini yako kwa kuisajili upya kwenye kadi nyingine. Wizi huu wa laini umewasumbua Wakenya kwa miaka, na mji wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa mara nyingi katika misako ya polisi kwa ajili yake. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini yao isibadilishwe na wakala yeyote. Na namba ya siri iliyotumwa kwako haina mtu mwingine duniani anayestahili kuisikia, awe wa benki, wa Safaricom au wa polisi.

Wengi watajibu kwamba hawana cha kuibiwa. Mtu ana shamba la robo ekari na salio la shilingi mia tatu, nani atahangaika naye? Jibu ni kwamba hakuna aliyehangaika naye hasa. Kutuma barua kwa watu milioni moja hakumgharimu tapeli zaidi ya kutuma kwa watu kumi, na anayejibu ndiye anayeshughulikiwa. Tena thamani ya akaunti ya mtu maskini haiko kwenye salio lake. Iko kwenye jina lake. Aliye mweka hazina wa chama cha akina mama, au aliye na binti Boston na mpwa Doha, akaunti yake ni ngazi ya kuwafikia hao. Ujumbe wa “Nimekwama hospitalini, nitumie elfu tano nitakurudishia kesho” ukitoka kwa mtu mnayesali naye kanisa moja, unatuma kwanza ndipo unafikiri. Ndiyo maana desturi ninayoitetea inafaa kuwa ya ukoo mzima: ombi la pesa lililokuja kwa maandishi halitekelezwi mpaka sauti isikike kwa namba iliyohifadhiwa. Na kwa kuwa sauti nayo sasa inaweza kuigizwa na kompyuta, liwepo swali la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijibu.

Wengine watasema haya yanachelewesha mambo, na kuna wakati dharura ni ya kweli. Sikatai. Lakini tazama nani hasa anakuwekea dharura. Ritani za kodi zina tarehe inayojulikana na nchi nzima. Karo ina tarehe. Mkopo wa SACCO una siku ya kulipa iliyo kwenye mkataba. Hakuna benki ya halali inayomfungia mteja akaunti kwa kuwa hakubonyeza kitufe ndani ya saa mbili. Haraka ndiyo chombo cha kazi cha tapeli, kwa sababu anajua kwamba mtu akipata dakika tano za kumuuliza jirani, mchezo umekwisha. Ulaghai wa “nimekutumia pesa kimakosa” unaishi kwa haraka hiyo hiyo. Unapokea meseji inayofanana na ya M-Pesa, na kabla hujapumua simu inalia, mtu analia naye, anaomba umrudishie. Funga simu, angalia salio lako mwenyewe kwa *334#. Kama pesa hazikuingia, hakuna cha kurudisha. Kama ziliingia kweli, aliyekosea ana njia yake rasmi ya kutuma ujumbe wa muamala kwa 456, na Safaricom watalishughulikia suala hilo bila wewe kumtumia mtu chochote.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya tatu. Taasisi zenyewe ndizo zinazotufundisha tabia mbaya. Benki inakuonya usibonyeze viungo, na wiki hiyo hiyo inakutumia SMS ya mkopo wa sherehe yenye kiungo kilichofupishwa ambacho hakuna awezaye kujua kinaelekea wapi. Mfanyakazi anakupigia kwa namba ngeni na kukutaka utaje tarehe ya kuzaliwa ili “athibitishe” anaongea na mteja, wakati mteja hana namna ya kuthibitisha anaongea na benki. Hili ni kosa lao, na lisemwe waziwazi. Safaricom walau wamewaambia wateja kwamba simu zao rasmi hutoka 0722 000 000. Kila benki, kila SACCO na kila kampuni ya bima ingepaswa kufanya hivyo na kisha kulishika neno lake. Hata hivyo hoja hii haiibomoi desturi yenyewe. Ujumbe wa kweli wenye kiungo haupotezi kitu ukiuacha na kuingia kwa njia yako. Mkopo wa sherehe utaukuta kwenye programu ya benki. Anayepoteza ni yule tu ambaye ujumbe wake haukuwa na nyumba nyuma yake.

Kuna pia wanaosema ulinzi huu ni kazi ya serikali na ya kampuni, mwananchi asibebeshwe. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa kuliko wanavyodhani. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na kifungu chake cha 30 kinautaja ulaghai huu kwa jina, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ukiitazama faini hiyo karibu na hasara ya ushirika mmoja, ni ndogo mno. Mamlaka ya Mawasiliano hutangaza kila robo ya mwaka matishio ya mtandaoni yaliyonaswa, na kwa miezi mitatu ya mwanzo ya 2025 ilitaja zaidi ya bilioni 2.5. Namba kama hiyo inahesabu hasa mitambo inayobisha milango ya mitambo mingine. Inatisha, lakini haimfundishi mkulima wa Mathioya afanye nini na barua iliyo kwenye simu yake. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki zake zinawajibika kuwarudishia wateja waliodanganywa wakatuma pesa wenyewe, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Benki inayojua itagharimika huanza kuuliza maswali kabla ya kupitisha malipo ya ajabu. Hapa kwetu mzigo bado umemwelemea mteja, na wabunge wa eneo hili wangefanya vema kulidai jambo hilo Nairobi. Lakini sheria huchukua miaka, na pesa zilizotumwa kwa M-Pesa hutolewa kwa wakala katika mji mwingine kabla chai haijapoa. Katika pengo hilo desturi ya mtu mmoja mmoja ndiyo iliyobaki.

Eneo hili lina historia inayofanya desturi hiyo iwe ngumu zaidi. Equity ilianzia Kangema mwaka 1984 kama chama kidogo cha mikopo ya nyumba, na Unaitas ilikuwa Muramati, SACCO ya wakulima wa chai. Watu waliweka pesa mahali walipomfahamu karani na karani aliwafahamu wazazi wao. Uaminifu huo ulijenga taasisi kubwa, na si jambo la kudharauliwa. Ila taasisi hizo sasa zinazungumza nasi kupitia kioo cha simu, na mgeni anaweza kuvaa jina lao. Mzee aliyezoea kuamini jina la benki yake kwa miaka 30 anaamini jina hilo hilo likitokea kwenye ujumbe, na kumlaumu kwa ujinga ni kumkosea. Vijana wanaokwenda nyumbani wikendi wafanye kitu kimoja chenye faida: waandike kwa kalamu, kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani au kuwekwa ndani ya kitabu cha benki, namba rasmi ya tawi, ya SACCO, ya kiwanda na ya mtoto mmoja wa kuulizwa kwanza. Hata mwenye kabambe anaweza kuitumia karatasi hiyo.

Na aliyekwisha kubonyeza asikae kimya. Aibu ndiyo inayowanyamazisha watu hawa, nao wakinyamaza, mwizi anapata siku mbili tatu zaidi za kuwapitia majirani. Badilisha nenosiri ukitumia kifaa kingine, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, na upige simu benki waifunge kadi kwa muda. Namba ya tapeli itumwe Safaricom kwa 333, bila malipo. Barua pepe ya ulaghai ipelekwe kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, incidents@ke-cirt.go.ke. Polisi wa upelelezi, DCI, wana simu ya bure, 0800 722 203. Halafu mwambie jirani, na wanachama wa chama chako, ujumbe ulisema nini na ulijifanya umetoka kwa nani, kwa sababu wao wameupokea pia au wataupokea kesho.